Mkalimani wa Kimya

Msusi yule watu walimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ukipita nje ya saluni yake asubuhi unamkuta yuko hewani, ukirudi mchana bado yuko hewani, na umeme ukikatika ndiyo kwanza sauti inapanda. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, mnene wa kupendeza, mwenye binti mmoja aliyeolewa mbali, na kitana ambacho hakikumtoka nyweleni hata akienda msibani. Alijua nani kaachwa, nani karudiana, nani nywele zake ni zake na nani za dukani. Na asipojua, hilo halikumzuia kusimulia.

Ndani ya saluni hiyo alikuwapo mwenzake, Kimya. Hilo nalo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Homa ilimpitia akiwa mtoto wa miaka sita ikaondoka na masikio yote mawili, na maneno nayo yakafuata polepole. Lakini msidhani Kimya alikuwa mtu wa kimya. Akiweka beseni chini, wapangaji wa ghorofa ya juu walijua. Akicheka, mteja aliyesinzia chini ya mashine ya kukaushia nywele aliamka akidhani anaibiwa.

Wawili hawa walikua ukuta kwa ukuta. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, baba yake Kimya akasema mtoto wa kike huko atakwenda kufanya nini, ikaishia hapo. Akakua hajui kusoma wala kuandika. Ndipo Redio, wakati huo kitoto chenye makamasi na maneno mengi, akaanza kumzungumzisha kwa mikono. Lugha yao hawakufundishwa na mtu, waliitunga wenyewe barazani. Mungu: kidole juu. Mume: kusugua kidevu. Mchungaji: kujifunga kola. Mweka hazina wa kanisa: kukumbatia mkoba usiokuwepo huku ukiangalia nyuma. Duniani kote walioijua lugha hiyo walikuwa wao wawili tu. Maana yake ni kwamba kila alichotaka Kimya kumwambia binadamu mwingine kilipita kwa Redio, na kila walichotaka binadamu wengine kumwambia Kimya kilipita kwa Redio. Sasa hebu fikirieni, katika watu wote, Redio!

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kazi kubwa. Walikaa benchi la mbele, upande wa dirisha, Redio amegeuka nusu ili mwenzake aione mikono. Mchungaji, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa na desturi yake: akimaliza sentensi husubiri mikono. Hasemi nyingine mpaka Redio ateremshe mikono mapajani. Kanisa zima lilizoea. Wengine walipata kausingizi kazuri katikati.

Lo, laiti mchungaji angejua alikuwa anasubiri nini! Akisema, "Ndugu zangu, neema ya Mungu haina mipaka," mikono ya Redio inamwambia Kimya: "Mungu anatupenda. Muone mke wa mweka hazina, wigi limegeuka mbele nyuma." Mchungaji anasubiri. Kimya anageuka, anaona wigi, anajiziba mdomo. Mchungaji anafurahi moyoni kwamba Neno limemgusa.

Kwa hiyo Maandiko aliyoyajua Kimya yalikuwa ya kipekee. Habari zote za nywele alizijua mpaka mwisho: yule shujaa aliyenyolewa usingizini, yule mwana wa mfalme aliyenaswa mtini kwa nywele zake mwenyewe, yule malkia aliyepakwa mafuta mwaka mzima kabla ya kumwona mfalme. Hapo Redio hakuruka kitu, na alitia chumvi juu. Lakini ikija sheria, usifanye hivi, usifanye vile, mikono ilichoka ghafla. "Anasema yale yale ya juzi," basi. Kimya akaamini kwamba Mungu ni kama mteja wa kudumu, mpole, anayejali sana nywele.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, viti vitatu, sinki la kuoshea nywele na benchi la kungojea. Wateja walikuja kwa ajili ya mikono ya Kimya, na wote walilijua hilo. Alikuwa na vidole ambavyo vikishika kichwa chako unasahau hata watoto uliowaacha nyumbani. Anasuka mistari midogo bila kuvuta, anaosha bila kuingiza tone sikioni. Ila walikaa, na walirudi hata kabla nywele hazijachakaa, kwa ajili ya mdomo wa Redio.

Na mdomo wa Redio ulipoishiwa habari za mtaa, ulijua mahali pa kuchota. Ulichota kwa Kimya.

Jioni wakishafunga, hawa wawili walikula pamoja nyuma ya pazia, na Kimya alimfungulia rafiki yake moyo wote kwa mikono. Alimwambia alivyoota. Alimwambia alivyolia mwaka ule mchumba wake alipokuja na ndugu zake na kuondoka kabla ya chai. Asubuhi yake, mbele ya benchi zima, Redio anasimulia. Mwenyewe yupo pale pale na sabuni mikononi! "Jamani, mwenzenu huyu jana kaniambia anaota ameolewa na mfalme. Kaamka kakumbatia mto! Nikamuuliza, mfalme alisemaje? Ananiambia hakumsikia!" Benchi linavunjika mbavu. Mteja mmoja aliyeitwa Mama Mapacha alikuwa anacheka mpaka anadondosha rola. Na Kimya akiona watu wamefurahi, naye anafurahi, anacheka kuliko wote.

Redio hakujiona mbaya. Ukimuuliza atakwambia: si hasikii? Neno lisilosikika linamuumiza nani? Na akishasema hivyo anamkata Kimya kipande kikubwa cha muhogo, anambusu shavuni, na mambo yanaendelea.

Ndipo saa ya ukutani ikasimama.

Kimya aliitoa ukutani akaipeleka kwa Fundi Saa, mtaa wa pili, kwenye kibanda chembamba kama kabati. Fundi Saa alikuwa mgane, mwembamba, mwenye upara unaong'aa na tabia ya kuinamisha kichwa kama anasikiliza kitu ndani ya mfuko wake. Alifungua saa, akapuliza, akakaza kitu. Kisha akamtazama Kimya, akasita. Angemwambiaje kwamba imepona? Akauchukua mkono wake taratibu, akauweka kiganja nyuma ya saa. Kimya akaisikia ikigonga. Tangu utotoni hakuna aliyewahi kufikiria kumsikilizisha saa.

Jioni aliyasema yote kwa Redio, akigonga kiganja chake kwa kidole, tena na tena, macho yamemtoka. Na asubuhi? We acha tu. "Wateja wangu, mkae mkao wa kula! Mwenzetu kapata mchumba. Anachumbiwa na saa!" Mama Mapacha akadondosha rola.

Fundi Saa hakujua habari hizo. Yeye alikaa siku kadhaa akijikaza, kisha mchana mmoja akaja saluni. Mwanamume mwenye upara kaingia saluni ya wanawake, benchi zima likanyamaza. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kofia mkononi.

"Mama, habari za kazi," akamwambia Redio.

"Nzuri, fundi. Umekuja kusuka?"

Hakucheka. Akasogea akashusha sauti. "Nina ombi. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, miaka sasa. Naishi peke yangu. Naomba unisaidie kumuuliza mwenzako kama naweza kuja kumwona. Kwa heshima zote. Nia yangu ni ndoa, si mchezo."

Moyo wa Redio ukafanya paa! Aliona yote kwa mara moja. Aliona kiti cha Kimya kitupu, wateja wakimfuata Kimya kwa Fundi Saa, yeye amebaki na kitana na vioo viwili. Hayo angeweza kuyameza. Lakini aliona pia jioni, nyuma ya pazia, sahani moja. Aliogopa, jamani.

Kimya alikuwa anatazama, taulo begani. "Anasema nini?" mikono yake ikauliza.

Redio akanyoosha vidole viwili akavichomeka hewani kuelekea ukutani. "Anauliza kama tuna soketi ya ziada. Ya kwake imeungua."

Uso wa Kimya ukabadilika kidogo, halafu ukachangamka. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kwa tabasamu la meno yote. Soketi ya ziada ilikuwepo karibu na mlango. Akamwonyesha kwa kidole.

"Anasema hapana," Redio akatafsiri.

Fundi Saa akashangaa. "Mbona ameitikia kwa kichwa?"

"Kwao hivyo ndivyo kukataa."

"Na kule anakoonyesha?"

"Mlango, fundi. Anakuonyesha mlango."

"Kwa tabasamu lile?"

"Ana adabu sana," Redio akasema, na jasho likamtiririka mgongoni.

Fundi Saa alivaa kofia yake. Alimwinamia Kimya, na Kimya, maskini, akazidi kumwonyesha soketi, akifanya ishara kwamba aitumie wakati wowote, karibu sana, karibu. Mwanamume akatoka haraka kama mtu aliyefukuzwa mara mbili.

Benchi lilisikia kila kitu kwa upande mmoja, likaona kila kitu kwa upande wa pili. Wateja hawakuijua lugha ya mikono, lakini hawakuwa wajinga. Kila mmoja aliiona soketi. Wengine wakacheka kwa pua. Wengine wakatazama sakafu.

Siku zilizofuata Kimya aliuliza, "Yule wa saa hajaja kuchomeka?" Redio akasema labda ametengeneza yake. Kimya akaiacha ile soketi wazi, akawa haruhusu hata pasi ichomekwe pale.

Mara habari zikaja saluni, maana habari zote zilikuja saluni: Fundi Saa anafunga kibanda. Kaka yake ana karakana mji mwingine, anamwita. Vifaa vimeshafungwa kwenye maboksi, Jumatatu mchana anaondoka. Redio alipolisikia hilo hakufurahi kama alivyotegemea. Jioni akaisukuma sahani kando. Kimya akamuuliza kama anaumwa, akampikia uji, akamkanda mabega. Hebu semeni nyie, uji huo ungewashuka?

Jumapili ikafika. Wamekaa benchi lao. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Fundi Saa alikuwa amekuja kuaga, kofia magotini. Redio alimwona akajifanya hakumwona.

Mchungaji alikuwa anapita kwenye sheria mstari kwa mstari, wiki ya tatu hiyo, na Redio alikuwa anasema yale yale ya juzi, wiki ya tatu hiyo. Mzee akavuta miwani, akasoma, akainua kichwa.

"Ndugu zangu, hapa Bwana anakataza kumtukana kiziwi."

Akasubiri mikono.

Mikono ya Redio ikaenda juu, ikasema: "Mungu anatupenda."

"Sasa niulizeni," mchungaji akaendelea, "kiziwi hasikii. Tusi linamfikaje? Halimfiki. Basi kwa nini Bwana amekasirika?" Akasubiri.

"Anasema tupendane," mikono ikasema.

"Kwa sababu yeye anasikia. Aliyenyimwa masikio, Mungu anamsikilizia."

Hapo jambo la ajabu likatokea kanisani. Kichwa kimoja kiligeuka kumtazama Redio, kisha cha pili. Vyote vilikuwa vichwa vilivyosukwa saluni kwake. Mama Mapacha alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, na kitabu kilikuwa kichwa chini miguu juu.

Kimya hakusikia neno, lakini macho yake yalikuwa mazima. "Mungu anatupenda," mikono yake ikasema polepole, "ndiyo maana wateja wetu wote wanakutazama wewe?"

Mchungaji alikuwa anasubiri, mikono imefungwa tumboni, uso wa huruma.

"Anaongea habari za viziwi," Redio akasema.

"Anasema nini?"

"Kwamba wasitukanwe."

"Nani anawatukana?"

Mikono ya Redio ikakaa hewani. Mdomo haukuwahi kumkwama, lakini ile mikono ilimkwama.

"Chukua muda wako, mama," mchungaji akasema. "Tutakusubiri."

Kanisa zima likasubiri. Mtu alikohoa. Redio akajaribu kufikiria uongo, naye alikuwa na uongo wa kila saizi, lakini siku hiyo hakuna uliomtosha. Akamtazama rafiki yake, uso ule uliokuwa unamngoja bila wasiwasi wowote, jinsi ulivyomngoja tangu barazani. Akageuza kidole akajielekeza kifuani.

"Mimi."

Kimya akatabasamu, akidhani ni utani.

"Mimi," Redio akarudia, na sasa mikono ikafunguka kama bomba lililoziba. "Yule wa saa hakuulizia soketi. Ya kwake haikuungua. Alikuja kukuposa. Nikakuambia soketi, na yeye nikamwambia umemkataa. Ulipoitikia nikamwambia unakataa. Ulipomwonyesha soketi nikamwambia unamwonyesha mlango. Kesho anahama. Yupo nyuma yako."

Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye gauni. Kanisa liliona mikono ikienda kasi, ikipaa, ikijipiga kifua, ikichoma ukuta kwa vidole viwili, na wale wasiojua wakaguswa. "Amina!" mzee mmoja akasema. Mchungaji naye akavua miwani akajifuta. Sentensi yake ilikuwa fupi, lakini tafsiri hii ilikuwa haijapata kuonekana.

"Naona leo Neno limefika," akasema.

Kimya akasimama. Hakutazama nyuma wala mbele, akatoka kwa mlango wa pembeni, na mlango ukajibamiza kwa sababu Kimya hakuwahi kujua milango inapiga kelele. Redio akamfuata akijikwaa miguu ya watu.

Alimkuta kwenye ngazi. Akakaa ngazi ya chini yake.

"Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi," mikono ya Kimya ikasema mwishowe. "Shati lina mikunjo ya pasi. Kofia aliishika hivi. Mtu wa soketi haji hivyo. Macho yangu yaliona."

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu mikono yako ilisema soketi. Nikayaambia macho yangu yanyamaze."

Redio alitaka ardhi ipasuke immeze, gauni na kitana na vyote. Haikupasuka. Ndani wakaanza kuimba wimbo wa mwisho.

"Niliogopa," akasema. "Ukienda, mimi nitakula na nani?"

"Ungeniuliza," Kimya akasema. "Ungeniuliza tu, mpumbavu wewe." Ishara ya mpumbavu walikuwa nayo tangu utotoni, kugonga paji la uso mara tatu, na mara hiyo aligonga paji la Redio, si la kwake, wala hakugonga kwa upole.

Watu walipoanza kutoka, Kimya alimwona Fundi Saa kati yao, akamsimamia mbele. Mwanamume akaivua kofia, akatazama huku na huku akitafuta mlango mwingine wa kuonyeshwa.

"Mwambie," Kimya akamwamuru Redio. "Neno kwa neno. Ukiruka hata moja nitajua, maana sasa nakutazama uso, si mikono."

Redio akavuta pumzi. "Fundi, anasema hivi. Mwanamke uliyemtuma ni mwongo."

"Mwanamke gani?"

"Mimi."

Fundi Saa akamtazama. "Endelea, mama."

"Anasema siku ile alikuwa anakuonyesha soketi. Kwamba mimi nilimwambia umeomba soketi. Anasema nimemsaliti, mimi niliyekula naye sahani moja maisha yote. Anasema..." Sauti ikakatika. Kimya akampiga kiwiko. "Anasema yeye kwa kichwa alisema ndiyo. Ndiyo ya soketi. Lakini ungeuliza lile jingine, nalo lingekuwa ndiyo."

Kofia ya Fundi Saa ilianguka. Aliiokota, ikaanguka tena.

"Halafu anauliza," Redio akaendelea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ulikaribia kucheka, "anauliza kama unakoroma."

"Mimi? Eeh... marehemu alikuwa analalamika."

"Anasema koroma utakavyo. Yeye hilo halimhusu."

Kimya akatoa kicheko chake, kile cha kuamsha wateja, na waumini wote uani wakageuka. Fundi Saa akainamisha kichwa upande, akakisikiliza mpaka kikaisha. Akasema maboksi atayafungua jioni ile ile, na kaka yake atamwelewa, na asipomwelewa shauri yake.

Mngedhani yameisha hapo, na Redio naye alidhani. Lakini walipokuwa wanarudi nyumbani Kimya akamsimamisha katikati ya njia.

"Mchungaji alisema kutukana. Soketi ni uongo, si tusi. Matusi ni yapi?"

"Nitakuambia kesho," Redio akasema, akiomba kesho yake asahau.

Kesho yake saluni ilijaa mapema kuliko kawaida. Habari za uani zilikuwa zimefika kila chumba, na kila mmoja alikuwa amegundua ghafla kwamba nywele zake zinahitaji kuoshwa. Mama Mapacha ndiye aliyewahi benchi. Akajiweka sawa, akamtupia Kimya jicho la pembeni, akapiga makofi magotini.

"Haya, Redio! Tupe ya bwana harusi! Mwenzetu jana usiku kaota nini?"

Benchi likaanza kucheka kabla ya hadithi. Redio akafungua mdomo, na hadithi ilikuwepo, nzuri, imeiva, ipo kwenye ncha ya ulimi. Kwenye kioo akaona uso wa Kimya. Hakuwa anacheka nao. Alikuwa anatazama jicho la Mama Mapacha lilikotoka na lilikokwenda.

"Anataka nini?" Kimya akauliza.

"Anataka hadithi."

"Ya nani?"

Redio angeweza kusema ya mweka hazina. Vidole vilikuwa vimeshaanza kukumbatia mkoba. Akaviteremsha.

"Yako," akasema.

Kisha akamwambia yote, palepale katikati ya chumba, benchi zima likitazama. Akamwambia habari ya mfalme na mto. Akamwambia habari ya mchumba aliyeondoka kabla ya chai, jinsi yeye Redio alivyomwigiza akitembea. Akamwambia habari ya saa, kwamba kile kiganja alikifanya mzaha asubuhi yake. Hakuna aliyeijua lugha ile, lakini kila mmoja aliyaona matendo aliyoyacheka yakipita mikononi mwa Redio, moja baada ya jingine, na benchi likawa dogo sana kwa watu waliokaa juu yake.

Kimya alingoja mpaka mikono ikatua.

"Kwa hiyo walipokuwa wanacheka, walikuwa wananicheka mimi."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa ukicheka nao," Redio akasema.

Kimya hakulia. Alitazama taulo lililokuwa mkononi mwake kwa muda, kama haelewi lilifikaje pale. Halafu akalitupa begani kwa Redio. Akavua aproni. Akampita Mama Mapacha, ambaye ndiye aliyekuwa na zamu, akaenda akakaa mwenyewe kwenye kiti cha kuoshea, akafungua kilemba, akalaza shingo kwenye sinki.

"Nioshe," akasema, na akafumba macho.

Na jueni, Kimya akifumba macho, dunia yote imefungwa. Mlango unaweza kuvunjwa, jina lake linaweza kutajwa, hajui. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuyafumba mbele ya watu, hata akipiga mwayo.

Redio akafungua maji, akajaribu joto lake kwenye kifundo cha mkono. Akaanza kuziosha zile nywele, mvi zimeshaingia pembeni, akiwa mwangalifu na masikio.

Nyuma yake, kwenye benchi, Mama Mapacha alimwegemea jirani yake akafungua mdomo.

Redio akageuka akamtazama, mikono imejaa povu, mpaka mdomo ule ukafungwa. Kisha akarudi kwenye kazi yake.